Daftari la Desemba 1987

*Mama Kanda, aliyerekodi na kuuza kanda mjini Moshi kuanzia 1984, anajibu barua zenu kuhusu muziki.*

SWALI

Shikamoo, Mama Kanda. Mimi ni mstaafu, mzaliwa wa 1961, naishi Pasua. Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho alihitimu chuo, tukamfanyia sherehe nyumbani. Nilimwandikia DJ orodha ya nyimbo kumi na tano: Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz, Marijani Rajabu, Mbaraka Mwinshehe. Ya kwanza tulicheza wazee. Ya pili wakabaki watu wanne. Ya tatu ilipoanza, binti yangu alinifuata, akaniinamia sikioni: "Baba, kwa nyimbo hizi watu watadhani tuko msibani." DJ akabadilisha, uwanja ukajaa. Nilikaa kimya mpaka wageni walipoondoka.

Redio yangu ya kaseti ilikufa 2009. Tangu hapo nasikiliza kwenye simu, usiku, na hedifoni, wenzangu wakishalala. Nikisikia lile gitaa, kila kitu kinarudi. Wewe uliyeuza kanda Moshi miaka yote ile, naomba useme hadharani: si kweli kwamba muziki wa kati ya 1975 na 1985 haujapata mpinzani? Nataka nimkatie binti yangu ukurasa huu.

*Baba wa Mabinti, Pasua, Moshi*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hilo neno la msibani linauma, lingeniuma hata mimi. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda stoo kutafuta daftari, maana sikutaka kukujibu kwa kumbukumbu tu. Kumbukumbu zetu mimi na wewe ni za rika moja, zingekubaliana kabla hatujaulizana.

Ni daftari la kaunta, jalada jekundu, kona zimeliwa na panya. Wenyeji wanakumbuka kwamba mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977, na santuri zilikuwa zikichapwa Nairobi. Kwa zaidi ya miaka sita sahani mpya iliyofika Moshi ilikuwa imepita njia za panya za Tarakea au Holili, imefichwa ndani ya vitenge. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Miezi michache baadaye shemeji yangu aliniletea deki mbili na boksi la sahani, nikafungua kibanda karibu na stendi. Kila oda niliiandika: nani, kanda ya dakika ngapi, upande A nini, upande B nini, amelipa au bado.

Nimefungua tarehe 22 Desemba 1987. Unaijua Desemba ya Moshi. Mabasi yanashusha watu kutoka Dar usiku na mchana, kila mtu anapanda kwao mlimani kula Krismasi, na hakuna aliyetaka kupanda bila kanda mpya. Ukurasa una mistari ishirini na miwili. Bwana wa Machame, kanda ya dakika 90, upande A Franco, upande B Mbilia Bel, wote wa Kongo. Mwalimu wa Kibosho, Jim Reeves pande zote mbili, nyimbo za Krismasi. Dereva wa basi, Super Mazembe. Kijana wa Majengo, Michael Jackson, "bado shilingi 50". Dada wa Kiboriloni, Boney M. Halafu Franco tena, Tabu Ley naye wa Kongo, Kenny Rogers, Franco mara ya tatu.

Mlimani Park, yaani Sikinde, wako wapi? Wametajwa mara mbili. Msondo mara moja, kwa jina lao la wakati huo, JUWATA. Vijana Jazz mara moja. Mbaraka, ambaye alikuwa amefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, yumo mara moja, na pembeni nimeandika "za mzee wake". Maana yake yule kijana alikuwa anamnunulia baba yake. Karibu miaka tisa tu baada ya kifo chake, Mbaraka alikuwa tayari muziki wa wazee hapa mjini.

Na mistari minne ina majina ya nyimbo nilizozirekodi kwa mikono hii, nikizisikia mwanzo hadi mwisho, ambazo leo siwezi kukuimbia hata kiitikio. Nimejaribu kutwa nzima. Hazipo.

Ninakuonyesha ukurasa huu kwa sababu orodha yako ya kumi na tano imepitishwa kwenye ungo kwa miaka arobaini. Makapi yamekwenda na upepo, umebaki na punje. Kisha unachukua punje hizo unazipima na gunia zima la mwaka huu ambalo halijapepetwa bado. Huo si mzani wa haki kwa binti yako.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwachezea watu 108, wenye umri kuanzia miaka 16 hadi 86, vipande vya nyimbo 28 zilizovuma kati ya 1932 na 1986. Walitaka kujua nani anapenda nini. Mapenzi yalipanda kileleni kwa nyimbo zilizovuma mhusika alipokuwa na miaka kama 23 au 24. Wewe umezaliwa 1961. Ongeza 23. Unafika 1984, ndani kabisa ya kipindi chako. Mimi mwenyewe nikihesabu naangukia 1979, na ndiyo maana Mlimani Park ya mwanzo, ile iliyoanza 1978, hunitoa machozi hata nikiwa naosha vyombo.

Sasa usidhani nakukwepa. Umeniuliza kama muziki ule ulikuwa bora, nami nina msimamo.

Kwa upigaji wa pamoja, ndiyo. Sijasikia kipindi kingine hapa kwetu kilichofika pale, na sababu yake inajulikana. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz, ambayo ndiyo Msondo, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana wa chama, na Polisi na Jeshi walikuwa na bendi zao. Mtu anaamka asubuhi anakwenda mazoezini kama mwenzake anavyokwenda ofisini. Wimbo ulichezwa ukumbini wiki nyingi kabla ya kupelekwa Radio Tanzania kurekodiwa, kwa hiyo ulifika studio umeshakomaa. Kila kosa limeshaonekana kwenye miguu ya wachezaji. Sikiliza tena usiku wa leo, lakini acha mwimbaji. Sikiliza gitaa la ridhimu peke yake. Halifanyi mbwembwe yoyote, linarudia kitu kilekile dakika sita, na solo linakaa juu yake kama mtu aliyekalia kigoda anachokiamini. Besi haigongani na tumba. Tarumbeta zinaingia, zinajibu, zinaondoka. Halafu wimbo unageuka, mwendo unaongezeka, na wote wanageuka pamoja kama ndege. Hilo linataka watu wanane au kumi walioishi pamoja miaka. Prodyuza mmoja na kompyuta, hata awe hodari vipi, anafanya kazi nyingine kabisa. Na zipo zake nzuri.

Kwa maneno, hapana, sikubali. Zamani kulikuwa na mashairi ya dhahabu na kulikuwa na nyimbo tupu za kumlaumu mwanamke kwa kila jambo chini ya jua. Nilizirekodi, nazijua. Na wale wanaosema zamani hakukuwa na matusi wala vurugu wanasahau kwamba Remmy Ongala alipoimba kuhusu kondomu, redio ya taifa iliukataa wimbo huo, na leo tunamtaja Remmy kama mfano wa muziki wenye mafunzo. Wanasahau pia kwamba Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mwaka uleule wa Operesheni Vijana iliyowaandama wenye sketi fupi na suruali za kubana. Vijana waliofokewa mwaka ule ndio wazee wanaofoka leo.

Na kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa sababu nilikuwemo. Tunaposema enzi zile zilikuwa nzuri, nzuri kwa nani? Mimi nilirekodi maelfu ya kanda pale stendi. Nilinunua kanda tupu, nikajaza nyimbo za watu, nikauza. Nilisomesha watoto wawili. Hakuna hata shilingi moja niliyompelekea mpiga gitaa yeyote, na hakuna aliyeniuliza. Sheria ya hakimiliki tunayoitumia leo ni ya 1999. Wengi wa wale tunaowalilia walikufa hawana kitu, na sehemu ya walichostahili ilipita mikononi mwangu. Linanikosesha raha mpaka leo.

Nirudi kwa binti yako. Umeandika mwenyewe: redio ilikufa 2009, tangu hapo unasikiliza na hedifoni wenzako wakishalala. Kama amemaliza chuo mwaka huu, 2009 alikuwa mtoto wa shule ya msingi, bado mdogo. Sasa niambie, nyimbo hizo angezisikilia wapi? Inawezekana kweli amezisikia zaidi msibani, kwenye spika ya jirani, usiku wa mkesha. Watafiti wengine wawili, Carol Lynne Krumhansl na Justin Zupnick, walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu vijana wa miaka kama ishirini. Waligundua kwamba pamoja na nyimbo za siku zao, vijana wale walikuwa na mvuto wa pekee kwa nyimbo zilizovuma wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Nyumbani zilikuwa zinapigwa, zikawaingia wakiwa wanacheza sakafuni. Kwako hazikupigwa. Uliziweka masikioni mwako peke yako.

Ukurasa huu usimkatie. Nunua spika ndogo, iweke sebuleni Jumapili baada ya ibada, wakati wa kumenya ndizi, na uweke wimbo mmoja. Usimwambie ni bora. Mwambie ulikuwa wapi ulipousikia, ulivaa nini, mama yake alikuwa amekaa upande gani wa ukumbi. Na ukija kufanya sherehe nyingine, mpe DJ nyimbo mbili, si kumi na tano, uchague zenye mgeuko wa haraka mapema. Mojawapo iwe ya Les Wanyika. Nimeiona ikiinua ukumbi mzima hapa Moshi, bibi na mjukuu, mwaka jana tu. Mzizi wake si mbali na sisi. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, watu wa Tanga, walipita Arusha wakaunda Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwaka 1971, huko wakawa Simba Wanyika, na waliojitenga nao 1978 ndio wakawa Les Wanyika. Binti yako ataupenda hata kabla hujamweleza.

SWALI

Mama, heshima yako. Wenzako mnabishana Sikinde na Msondo, lakini sisi wa Arusha tunajua muziki bora Tanzania ni hiphop ya Chuga, 2000 mpaka 2008. X Plastaz, Nako 2 Nako, Watengwa, Joh Makini anaanza. Ilikuwa na ujumbe. Madogo wa leo ni amapiano asubuhi hadi jioni, muziki wenyewe wa Afrika Kusini, na wimbo ukidumu wiki mbili ni bahati. Nakosea?

*Mzee Kijana, miaka 39, Kijenge, Arusha*

JIBU

Mwanangu, fanya hesabu niliyomfanyia Baba wa Mabinti hapo juu, utaona wewe na yeye mmeandika barua moja.

Ila nakuheshimu, maana kipindi hicho nilikikosea. Miaka ya tisini yote nilikataa kurekodi rap kibandani kwangu. Mwanangu aliniletea kanda za vijana wa Arusha, nikamwambia hizo ni kelele za Marekani zilizovalishwa Kiswahili. Kilichonibadilisha ni safari moja ya Hiace kutoka Moshi kwenda Arusha, nadhani ilikuwa 2001 inaelekea mwisho. Dereva aliweka wimbo wa Professor Jay, ule wa mgombea anayewaahidi wananchi kila kitu na wao wanaitikia tu. Tulikuwa tumebanana, mama mmoja wa Boma Ng'ombe ana kuku miguuni. Kila ahadi ilipotajwa abiria walicheka kwa sauti, na kufika Usa River nusu ya gari tulikuwa tunaitikia. Niliposhuka nilikuwa nimenyamaza. Nilikuwa nimesikia kile alichokuwa akifanya Remmy: kumwambia mkubwa ukweli huku watu wanacheza. Hatukujua kwamba miaka kumi na minne baadaye mwimbaji mwenyewe angekuwa mbunge wa Mikumi.

Kisha nikawarudia X Plastaz, ambao walianza 1996 hapo hapo Arusha, nikasikia walivyoweka sauti ya Kimaasai chini ya mashairi ya mtaani. Sauti hizo za koo hazikuigwa kutoka popote. Albamu yao ya 2004 ninayo, na siitoi hata kwa kuazima.

Kuhusu amapiano, soma tena ukurasa wangu wa 1987. Vijana wa Moshi Krismasi ile walicheza muziki wa Kongo zaidi ya wa nyumbani, na hakuna aliyekufa. Kuhusu wiki mbili, nimeshasema juu ya ile mistari minne. Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine: madogo wanarekodi kwenye kompyuta ya rafiki, wimbo unawekwa kwenye simu, simu inaibiwa, na kazi imekwisha. Sisi tulikuwa na kanda zilizotapakaa kwenye makabati ya nchi nzima. Kama una nyimbo za wenzako wa Kijenge ambazo hazikutoka, zinakili leo mahali pawili tofauti, uandike nani aliimba na nani alipiga biti.

SWALI

Mama Kanda, shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka huu. Kwenye sanduku lake tumekuta kanda ya dakika 60 imeandikwa kwa mkono wake "Ugua Pole, Mama yao". Nadhani ni salamu alizomtumia mama kwenye kipindi kile cha wagonjwa cha Radio Tanzania alipolazwa, kisha akazirekodi zilipokuwa zinasomwa, na wimbo aliouchagua. Ina vumbi jeupe kwenye utepe. Tuna redio ya kaseti ya jirani. Tuiweke?

*Kifungua Mimba, Himo*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Msiiweke. Poleni sana kwa msiba.

Hilo jeupe ni ukungu. Ukiichezesha hivyo ukungu unahamia kwenye hedi ya redio, utepe unakwama, na redio ya jirani inaweza kuutafuna. Utepe ukishakunjamana pale ambapo jina la mama yako linatajwa, hakuna fundi atakayelirudisha.

Kwanza vunjeni vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo juu ya ganda, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha iwekeni wima mahali pakavu penye hewa na kivuli, siku kadhaa. Isiwe juani, isiwe juu ya spika, maana ndani ya spika kuna sumaku. Msiifute kwa kitambaa cha maji. Msijaribu kuisogeza kwa kalamu ya biki kama tulivyozoea. Kama imeganda, mtaikata.

Kazi inayobaki niachieni. Kanda ya dakika 60 ina utepe mnene kuliko ya 90, hiyo ni heri kubwa. Nikiona ganda lina skrubu tano nitalifungua, nitasafisha utepe pole pole, nitaangalia kama kile kisponji kinachoukandamiza bado kipo, na ikibidi nitauhamishia kwenye ganda jipya. Nitaupeleka mwanzo mpaka mwisho bila kuucheza, kisha nitaucheza mara moja tu huku kompyuta inarekodi, kwa faili la WAV lisilobanwa.

Msiitume kwa basi, buti la basi lina joto kali. Ileteni mkononi. Na kama mama yenu anaweza kusafiri kutoka Himo, njooni naye. Deki yangu moja ya zile mbili bado inafanya kazi, na kiti chake nitakiweka karibu.